Mwalimu mgeni wa darasa la awali, anza na tano

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la awali kwa mara ya kwanza, na wewe wa PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali huko Kenya, wiki ya kwanza tu utawasikia watoto wakiimba moja mpaka ishirini, wengine mpaka mia, na wazazi wamesimama mlangoni wanafurahi. Usiridhike mapema. Hao wanajua wimbo. Wimbo una faida yake, maana majina ya namba lazima yakae kichwani kwa mpangilio usioyumba, lakini kuhesabu bado hakujaanza.

Ukitaka kujua mtoto yuko wapi, mwekee vizibo vya soda kumi hivi umwambie, "Nipe vitatu." Usimwambie ahesabu. Wengi watakuchotea kiganja kizima. Wengine watagusa vizuri kabisa, moja, mbili, tatu, halafu wakupe kile kimoja cha mwisho, kwa sababu kwao "tatu" ndilo jina la kizibo kile. Mwanasaikolojia Karen Wynn alitumia kipimo cha namna hii katika tafiti zake za mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaona kwamba mtoto huielewa moja kwanza, miezi inapita ndipo aielewe mbili, kisha tatu, na baadaye ndipo zile kubwa zinamfungukia. Ni miezi, mwalimu, si siku. Ukilishika hilo hutamkaripia mtoto wa watu kwa kuwa jana alipatia na leo kakosea.

Ndiyo maana muhula wa kwanza mzima nabaki kwenye moja hadi tano, na nakushauri ufanye hivyo hata kama darasa la jirani wameshafika hamsini.

Chagua vifaa kwa akili. Mimi naanza na vitu vya "ki-vi": vizibo, vijiti, vijiko, vikombe. Sababu ni hii. Tunapohesabu tunasema moja, mbili, tatu, lakini tukitaja kundi zima tunasema vizibo vitatu. Mtoto anasikia tofauti hiyo kwa sikio lake: "tatu" ilikuwa hatua ya njiani, "vitatu" ni vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kila mkimaliza kuhesabu, zungusha mkono juu ya kundi lote useme, "Vizibo vitatu." Siku mtoto atakapolisema hilo mwenyewe bila kuulizwa, andika jina lake pembeni, kuna kitu kimeingia. Mbegu na kokoto zinafaa pia, ila zinasema "tatu" ileile mwanzo mpaka mwisho, hivyo ziache zije baadaye. Na sarafu ziweke mbali kabisa kwa sasa. Sarafu ya shilingi 200 ni moja mkononi na mia mbili dukani. Huko ni kumchanganya.

Sasa tazama vidole vyao kwa karibu. Mtoto aliyezoea kuimba anagusa kwa mdundo, si kwa neno. Akifika "saba" ameshagusa vizibo viwili, "sa" kimoja, "ba" kingine, na mwisho anapata hesabu pungufu ingawa hajaruka hata namba moja. Kumwambia "rudia tena" hakusaidii, atarudia kosa lilelile. Chora mstari wa chaki sakafuni, vizibo vyote vikae upande mmoja, naye avivushe kimoja kimoja kwenda upande wa pili, neno moja kwa kizibo kimoja. Mkono unaosogeza kitu hauwezi kukimbia kama kidole kinachogusa. Kisha funika vile alivyovusha kwa bakuli, uulize, "Humu ndani viko vingapi?" Hana tena cha kuhesabu upya, inabidi alikumbuke neno la mwisho na alijue maana yake. Funua, vitawanye, uulize tena. Asishangae mtu mtoto akisema vimeongezeka kwa sababu vimetandazwa. Umri wao ndivyo ulivyo.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi tunalipita haraka, nalo ni kuona idadi bila kuhesabu. Moja, mbili, tatu, hata nne, jicho linazitambua mara moja. Dhumna zinafaa sana hapa: onyesha upande mmoja kwa sekunde mbili, ficha, waseme. Trei ya mayai nayo usiitupe. Ina mashimo 30 kwa safu za tano tano. Ikate safu mbili mbili, unapata vibao vitatu vya mashimo kumi. Mtoto akijaza safu moja na kuongeza kimoja safu ya pili, sita ameiona: ni tano na moja.

Darasa likiwa na watoto 80 huwezi kumpima kila mmoja kila siku, wala usijaribu. Chukua watano kila asubuhi, wengine wacheze mdako nje. Mdako wenyewe ni somo: mtoto anarusha kokoto juu, anachomoa nyingine shimoni na kuzirudisha akibakiza idadi inayotakiwa.

Kuandika tarakimu kuje mwisho, na kuanze mchangani kwa kidole. Mbili na tano zikigeuzwa, onyesha upya kwa upole, usipige alama nyekundu ya kosa.

Mzazi akija kuuliza mbona daftari la mwanawe halina namba mpaka mia, usibishane naye. Mwite mtoto, weka vizibo mezani, na mzazi mwenyewe aseme, "Nipe vinne." Kisha aseme, "Ongeza kimoja, vimekuwa vingapi?" Akishaona, mpe kazi ya nyumbani: jioni mtoto ndiye agawe vijiko, kila mtu na chake, na wakubwa wasimwahi kumsahihisha. Kikipungua, atamwona mwenyewe aliyebaki mikono mitupu.