Jibu: Kwa nini magari yaondolewe kabla theluji haijaanguka

Ndugu, umeuliza kwa nini jiji linawaamuru watu waondoe magari barabarani ilhali theluji yenyewe bado. Sababu ni magari ya kusukuma theluji. Sepetu lake la mbele ni pana, na gari moja lililoegeshwa vibaya linatosha kuziba mtaa mzima, hata ambulensi na zimamoto wasipite. Kwa hiyo hamisha lako leo.

Yale maji uliyoona yakinyunyizwa kwenye lami kavu ni ya chumvi. Yanazuia barafu isigandie barabarani, na kuikwangua baadaye kunakuwa rahisi. Baridi ikifika kama nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hupungua nguvu sana, ndipo mchanga humwagwa ili matairi yasiteleze.

Chaji simu, jiandikishe kupokea tahadhari za jiji, ujue kituo cha kujipasha joto kilicho karibu. Na hili nakusihi sana: umeme ukikatika, usiwashe jenereta wala jiko la mkaa ndani. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka humo, haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Jirani mzee anayeishi peke yake mjulie hali mapema, kabla dhoruba haijafika.