Nisubiri chipseti mpya?

SWALI: Natumia prosesa ya Ryzen 5 5600X kwenye bodi mama yenye chipseti ya B550 (chipseti ni chipu ya bodi inayounganisha vifaa kama USB na diski). Mwaka 2021 USB zilinitesa sana: kipanya kinaganda, kifaa cha kurekodia sauti kinakatika mteja akiwa ameshaanza kuimba. Baadaye ilitulia, lakini sina imani nayo tena. Nataka kuhamia AM5, soketi mpya zaidi ya prosesa za AMD. Nisubiri chipseti itakayofuata, au nichukue iliyopo?

JIBU: Kwanza tazama kilichokuponya. Bodi hukubadilisha. AMD walikiri tatizo hilo Februari 2021, na dawa ikaja ndani ya BIOS (programu ya kuwashia bodi) yenye AGESA 1.2.0.2, yaani msimbo wa AMD unaowekwa ndani ya BIOS. Chipu ni ileile unayoitumia hadi leo. Iliyokomaa ni programu yake.

Chipseti mbovu kweli ilikuwa ile ya Intel ya mfululizo wa 6, ambayo usambazaji wake ulisimamishwa tarehe 31 Januari 2011. Bandari zake nne za SATA (za kuunganishia diski) za 3 Gb/s zingeweza kudhoofika kadiri muda unavyopita, ingawa zile mbili za 6 Gb/s zilikuwa salama. Hapo BIOS haikuwa na la kufanya. Chipu ilibidi itengenezwe upya, toleo la B3.

Kuhusu AM5, hili huwashangaza wengi: chipseti ya X870E, iliyoingia sokoni Septemba 2024, ina chipu mbili za Promontory 21, zilezile za X670E ya 2022. Kikubwa kilichoongezwa ni sharti la USB4 (USB ya kasi zaidi), nayo huletwa na chipu ya pembeni. Jina jipya kwenye boksi silichukulii kama dhamana ya utulivu. Kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa, na kinachokiongoza ni BIOS. Hata Aprili 2023, Ryzen 7000X3D kadhaa zilipoungua, hatua iliyochukuliwa ilikuwa BIOS mpya zenye kikomo cha volti 1.3 kwa SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti hicho cha RAM.

Kwa kazi yako ningechukua bodi ya AM5 ya B650 au X670E ambayo imeshapata BIOS kadhaa zisizo za majaribio. Chagua yenye kitufe cha kusakinisha BIOS kwa flashi bila prosesa. RAM weka vijiti viwili, si vinne, uanze na kasi rasmi: 5200 kwa Ryzen 7000, 5600 kwa Ryzen 9000. EXPO, mpangilio wa AMD wa kuongeza kasi ya RAM, ni kuisukuma kupita kasi hiyo, hata kama tangazo halisemi hivyo. Iwashe baadaye, kisha uache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha kabla hujamwita mteja.

Kitabu cha bodi huonyesha USB zipi zinatoka kwenye prosesa na zipi kwenye chipseti. Kifaa chako cha sauti kikikatika upande mmoja, kihamishie wa pili kabla ya kulaumu bodi nzima.

Ukiona bado unaitaka hiyo ijayo, ngoja walau BIOS yake ya tatu, na B550 usiiuze mpaka umemaliza kurekodi albamu nzima kwenye mashine mpya.