Mdomo wa mtu kwenye uso wa katuni: walifanyaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi nilikuwa natazama filamu ya Pulp Fiction, kuna mahali mtoto anaangalia katuni kwenye televisheni. Watu wamechorwa na wala hawasogei, lakini midomo yao ni ya watu halisi na inaongea. Ile ni katuni ya kweli au waliitengeneza kwa ajili ya filamu tu? Walifanyaje? Mimi nahariri video kwa simu, natamani kujaribu.

JIBU: Marahaba. Ni katuni ya kweli kabisa. Inaitwa Clutch Cargo, ilianza kurushwa Marekani mwaka 1959, na ilitengenezwa na kampuni ndogo iliyoitwa Cambria Productions. Aliyeibuni, Clark Haas, alitokea kwenye uchoraji wa hadithi za picha za magazetini, ndiyo maana kila fremu yake (picha moja moja ya filamu) imepangika vizuri hata kama hakuna kinachosogea.

Shida yao ilikuwa fedha. Filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Hata ukiuacha kila mchoro ukae fremu mbili, dakika tano zinakula michoro 3,600. Wao walikuwa na hadithi 52, kila moja imekatwa vipande vitano vya dakika tano tano, yaani vipande 260. Piga hesabu mwenyewe. Haas alisema kazi ambayo Disney wangeifanya kwa dola 250,000, wao wanaifanya kwa 18,000.

Kilichowaokoa ni mbinu ya mwenzao, Edwin Gillette, iitwayo Syncro-Vox, ambayo tayari ilikuwa imetumika kuwafanya wanyama waongee kwenye matangazo ya biashara. Mwigizaji anakaa mbele ya kamera, kichwa kimetulia tuli, midomo imepakwa rangi nzito ionekane vizuri, anasoma maneno yake. Kisha picha ya mdomo peke yake inapachikwa juu ya uso uliochorwa. Sauti na mdomo vinatoka kwa mtu yuleyule kwa wakati uleule, kwa hiyo hakuna kazi ya kuvilinganisha. Huo ndio uzuri wake mkubwa, na bado naiheshimu mbinu hii kwa sababu hiyo.

Mtazame Spinner, yule mtoto wa kiume anayesafiri na Clutch, shujaa wa katuni hiyo. Mdomo wake umekolea lipstiki, kwa sababu ni mdomo wa mwanamke mzima, Margaret Kerry, ambaye pia alikuwa sauti ya mbwa wao Paddlefoot. Mama huyu ndiye aliyeigiza mbele ya kamera ili wachoraji wa Disney wapate miondoko ya Tinker Bell, yule kichimbakazi mdogo kwenye filamu ya katuni ya Peter Pan ya 1953. Kule alitoa mwili mzima bila sauti, huku akatoa sauti na midomo tu.

Mengine nayo yalifanywa kwa ujanja huohuo. Moto hauchorwi, unapitishwa moshi wa kweli mbele ya mchoro. Mlipuko? Tikisa kamera. Mtu akitembea, mara nyingi humwoni miguu. Muziki wa Paul Horn ulitegemea ngoma za bongo, vibrafoni (ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa) na filimbi, basi, na mimi naona unaibeba katuni nzima.

Sasa kwa nini ukiitazama unasisimkwa mwili? Wengi wanalaumu mdomo. Mimi nasema mdomo hauna kosa, kosa liko pembeni yake. Sema “baba” mbele ya kioo: kidevu kinashuka, mashavu yanavutika, macho nayo hayakai kimya. Kwenye Clutch Cargo kidevu kimechorwa, hakishuki, na macho yameganda. Ubongo unaona mtu hai ndani ya uso uliokufa.

Kwa hiyo ukijaribu, usiishie kwenye midomo kama wao. Weka simu kwenye stendi, egemeza kichwa cha mwigizaji ukutani, mwanga utoke mbele, na urekodi kuanzia chini ya pua hadi chini ya kidevu. Kwenye programu yako weka video hiyo kama leya ya juu, yaani tabaka linalokaa juu ya mchoro, kata maski (umbo linaloacha sehemu unayoitaka tu ionekane) ya umbo la yai inayokimeza kidevu chote, kisha lainisha kingo zake. Akitikisika hata kidogo, rudia kurekodi. Kukimbizana na mdomo unaohama fremu kwa fremu kutakumalizia siku.

Rangi ndiyo inayowashinda wengi. Usihangaike kuibadilisha ngozi ya video ifanane na mchoro. Rekodi kwanza, chukua sampuli ya rangi kwenye shavu la mwigizaji, halafu paka uso wa katuni kwa rangi hiyohiyo. Cambria hawakuwa na anasa hiyo, wewe unayo bure.

Mwisho macho. Chora jozi mbili, yaliyo wazi na yaliyofumba. Kila baada ya sekunde chache weka yaliyofumba kwa fremu tatu hivi, lakini usiyapange kwa vipindi sawasawa. Akimaliza sentensi au akibadili wazo, hapo ndipo afumbe. Anza na mazungumzo ya sekunde kumi, mhusika mmoja, uso umekutazama moja kwa moja. Ukimgeuza upande, mdomo uliorekodiwa kwa mbele hautamkaa, itabidi urekodi mwingine kwa pembe hiyo.