Kutafuta taarifa za zabibu bila kumaliza bando

Ndugu, pole. Kupoteza saa mbili mtandaoni ukitafuta dawa ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe) wa zabibu huko Hombolo, Dodoma, bando likiisha, kunaumiza. Usiandike swali refu. Kwenye Google andika hivi:

"ubwiri unga" zabibu site:go.tz

Alama za nukuu huyashika maneno pamoja, site:go.tz hubakiza tovuti za serikali tu. Usiache nafasi baada ya nukta mbili (:), la sivyo amri haitafanya kazi. Ukipata matokeo machache, ondoa nukuu kwanza. Kisha rudia kwa Kiingereza, "powdery mildew" grape Dodoma filetype:pdf, maana tafiti nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo; filetype:pdf huleta faili za PDF tu. Faili refu lipakue mara moja, ulisome bila data. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F, andika "sulphur" (salfa, dawa ya ubwiri unga), uruke moja kwa moja hadi inapotajwa, utafute vipimo hapo.