Programu ipi ya kusafisha RAW inatunza ngozi nyeusi na sehemu za giza? Jibu kwa ndugu wa Mbarara

Ndugu yangu, umeuliza kati ya programu za kusafisha RAW (faili ghafi la kamera), yaani Lightroom, Capture One, DxO PhotoLab, darktable na RawTherapee, ni ipi yenye rangi nzuri na inayofichua yaliyomo gizani, kwa kuwa unapiga picha za kwanjula (sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwa familia yake) na mara mojamoja unaitwa Bwindi, msitu wa gorila wa Uganda. Zote tano nimezitumia kwa kazi za namna hiyohiyo, kwa hiyo nitajibu kirefu.

Kwanza, usizipime kwa jinsi picha inavyofunguka. Kila programu ina vipodozi inavyopaka kabla hujagusa kitu. Lightroom inavalisha picha profaili (mpangilio wa rangi) ya Adobe Color. RawTherapee inachungulia JPEG iliyofichwa ndani ya faili na kutengeneza kevu (mstari wa kupanga mwanga na giza) ya kuifanania. darktable inapandisha eksposha (mwangaza wa picha) kidogo halafu inakuachia picha iliyofifia, na wengi wakiiona hivyo wanaifuta siku hiyohiyo. Hapo wamehukumu vipodozi tu.

Ukitaka ukweli, zisawazishe. Chagua profaili tulivu kuliko zote (RawTherapee inaiita Neutral, Capture One ina Linear Response), zima unoaji na uondoaji wa chenga (vidoadoa vya gizani), kisha bofya mizani ya nyeupe (inayofanya kijivu kionekane kijivu) mahali pamoja pa kijivu katika kila programu. Usinakili namba ya Kelvin, maana 5200 ya hapa haitoi rangi ileile kule. Linganisha mwangaza wa uso mmoja. Baada ya hapo pandisha eksposha stopu tatu nzima (kila stopu ni mwanga mara mbili), uangalie chini ya kidevu, mikunjo ya gomesi (vazi refu la kina mama), manyoya ya kwapani mwa gorila. Ndipo tofauti za kweli zinapojitokeza, na utashangaa jinsi zilivyo chache katika maeneo yenye mwanga.

Sababu ni hii. Faili la biti 14 lina ngazi 16,384, lakini kihisio cha kamera kinahesabu mwanga kwa mstari ulionyooka, hivyo stopu ya juu kabisa peke yake inachukua 8,192, inayofuata 4,096, na ukishuka hadi ya sita zimebaki 256. Tena gizani mwanga wenyewe uliofika ni haba, na uhaba huo ndio unaozaa chenga. Hakuna programu inayoweza kurudisha mwanga ambao haukuingia kwenye lenzi. Zinachotofautiana ni namna ya kutenganisha chenga na umbo, na kama rangi inabaki palepale unapoinua giza au inageuka zambarau.

Bwindi ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Mnyama mweusi, chini ya majani mazito, mwanga umechujwa ukawa kijani, flashi hairuhusiwi, na mnapewa saa moja tu na familia ya gorila. ISO (kipimo cha kamera cha kukuza mwanga hafifu) inapanda utake usitake. Hapa DxO inashinda, nasema bila kusita. DeepPRIME yao, iliyotoka mwaka 2020, inajenga rangi kutoka kwenye mosaiki ya kihisio (vitone vya nyekundu, kijani na buluu) na kuondoa chenga kwa pamoja, kwa hiyo unywele mmojammoja unabaki unywele. Lightroom nayo ilipata kiondoa chenga cha akili bandia mwaka 2023, na ni kizuri. Zote mbili zinataka GPU (chipu ya michoro) yenye nguvu. Kwenye laptopu ya kawaida utasubiri sana kwa kila picha, na umeme ukikatika betri haifiki mbali. Mimi huchagua kwanza picha chache za kumpa mteja, ndizo pekee ninazozipitisha huko. Kwa ule ukijani, bofya mizani ya nyeupe kwenye mgongo wa dume mwenye mvi. Si kijivu kamili, ila msituni hutapata kilicho karibu zaidi.

Kwanjula ni habari nyingine. Shida ya pale ni hema. Hema la buluu au kitambaa cha waridi kinamwaga rangi yake kwenye ngozi, upande mmoja wa uso wa bibi harusi ukawa na rangi nyingine kabisa. Ngozi yetu nyeusi ina wekundu na udhahabu ndani yake, na mhariri akivuta tu kitelezi cha Shadows (cha kuinua giza) inakuwa kama imepakwa majivu. Naumia nikiona senga (shangazi wa bibi harusi), aliyejipamba siku nzima, amegeuzwa hivyo kwenye albamu. Kwa kazi hii naipenda Capture One: kihariri chake cha rangi kina sehemu ya ngozi peke yake, yenye vitelezi vya kusawazisha rangi, ukolevu na mwangaza kuelekea ngozi unayoichagua. Hema linaondoka, mtu anabaki na rangi yake aliyozaliwa nayo. darktable inaweza kukufikisha karibu kwa moduli ya color calibration pamoja na barakoa (kuchagua sehemu ya picha ya kurekebisha), ila uwe na subira ya kujifunza. Katika kukunja mwanga (kuubana utoshee kwenye skrini), jaribu moduli ya sigmoid kabla ya ile ya filmic. Kwenye nyuso za giza huwa inanipa matokeo mazuri kwa kazi ndogo.

RawTherapee inafichua undani vizuri sana, lakini haina brashi ya kuchora barakoa kwa mkono, na kwa mpiga picha wa sherehe hilo ni pengo kubwa.

Umesema laptopu yako ni ya RAM ya GB 8 na hutaki kulipa kwa dola kila mwezi. Basi anza na darktable, ambayo ni bure, na uizoee kwa picha za kwanjula moja ulizokwisha kumkabidhi mteja. DxO ina kipindi cha majaribio bila malipo; usikifungue sasa, kifungue siku utakaporudi kutoka Bwindi ukiwa na faili mkononi. Na kule msituni angalia histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye kamera), ongeza eksposha kadiri anga inayopenya kwenye majani itakavyokuruhusu. Stopu moja uliyoipata kwenye kamera itakufaa katika programu zote tano.