Kabla Hujaongeza Haidroli ya Nyuma kwenye Trekta Ndogo

Kila msimu wa kulima unapokaribia, wateja wa Usa River, Karatu na Sanya Juu hutuletea trekta zao ndogo hapa Unga Limited, Arusha, wakiwa na shida ileile: trekta ilikuja na lifti ya pointi tatu peke yake, ile mikono ya nyuma ya kuinulia zana, na sasa wamenunua tela la kumwaga au plau ya kugeuza inayodai matundu ya oili kwa nyuma. Na kila msimu vijana wa fildi huikimbilia kazi hiyo, huifunga kwa unadhifu wa kupendeza, mipira imenyooka na vibano vimekaa sawasawa, kisha huwasha injini na kuniita kwa sauti ambayo sasa naitambua hata nikiwa getini. Nimechoka kuitwa kwa sauti hiyo, ndiyo maana naandika. Sitawafundisha kushika spana, wala tofauti ya valvu ya spuli moja na ya spuli mbili, spuli ikiwa kile kijiti cha chuma ndani ya valvu kinachosukumwa na kishikio ili kuelekeza oili. Hayo mnayajua, tena wengine mnayajua kuliko mimi.

1. Fuateni njia ya oili kwa kidole kabla ya kulegeza nati yoyote. Trekta nyingi za ukubwa huu zina pampu ya gia, na pampu ya gia haina mapumziko: injini ikizunguka, oili inatoka, na lazima iwe na mahali pa kwenda hata kama hakuna aliyegusa kishikio. Kwa hiyo valvu mnayoongeza lazima iwe ya katikati wazi, yaani inayopitisha oili kishikio kikiwa katikati. Mkifunga ile ya katikati iliyozibwa kwa sababu tu ilipatikana kwa bei nzuri, pampu itasukuma dhidi ya rilifu, yaani valvu ya kupunguza presha inapozidi, kutwa nzima na oili itachemka kabla mteja hajamaliza ekari. Utaratibu ni pampu, kisha loda kama ipo, kisha valvu ya nyuma, kisha lifti, ambayo huwa ya mwisho kwa sababu yenyewe humwaga oili yake moja kwa moja ndani ya giaboksi.

2. P, T na PB ni matundu matatu yenye kazi tatu: P hupokea oili ya pampu, T huirudisha tanki, ambalo kwenye trekta hizi ni giaboksi, na PB (pawa biyondi) huipeleka kwenye kifaa kinachofuata. Hapa ndipo mnapoanguka, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu nilianguka kabla yenu, tena kwa kishindo.

Nilipokuwa bado fundi mchanga nilikabidhiwa trekta ya mkulima mmoja wa mboga ili niifungie valvu kwa ajili ya plau ya kugeuza. Valvu niliyoletewa ilikuwa na P, ilikuwa na T, na pembeni ilikuwa na plagi kubwa ambayo sikujisumbua kuuliza kazi yake. Nikaingiza mpira wa pampu kwenye P, nikatoa mpira kwenye T na kuupeleka kwenye lifti, nikaona kazi imekwisha, kwani oili iliyoingia imetoka na lifti imepata haki yake. Nikajaribu: silinda ya plau, ikiwa imelala sakafuni, ikatoka na kurudi, lifti, ikiwa tupu, ikapanda na kushuka. Mwenye trekta alifurahi akaninunulia soda.

Alirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Kila alipoinua plau, oili ilichuruzika kwenye ncha za spuli, pale kishikio kinapoungana na bodi ya valvu. Nilichofanya ndicho ninachowaona ninyi mkikifanya leo: nililaumu sili. Nilimweleza kwa kujiamini kabisa kwamba sili za siku hizi ni za bandia, nikafunga nyingine, nikamrudisha shambani. Safari iliyofuata sili hazikuchuruzisha bali zilitoka zenyewe mahali pake, zikammwagia dereva oili ya moto kwenye suruali, na bodi ya valvu ikapata ufa karibu na tundu la T. Oili hiyo ni ileile inayolainisha gia, na sehemu kubwa yake ilikuwa imebaki kwenye matuta ya kabichi.

Mzee mmoja wa gereji ya jirani aliitwa aje kutazama. Hakushika hata spana. Alichuchumaa, akafuata mipira yangu mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza: “Kijana, hii T ni ya tanki. Sasa tanki lako liko wapi?” Nikatazama. Palikuwa na lifti tu. Kila lifti ilipobeba plau, uzito wote ule ulikuwa unageuka presha inayorudi nyuma hadi ndani ya mkondo wa T, na mkondo huo ndio unaopita nyuma ya sili za spuli, ambazo hazikutengenezwa kuzuia zaidi ya oili inayorudi nyumbani bila mzigo. Gharama ya valvu na oili ilikatwa kwenye mshahara wangu, na haikukatwa kwa mkupuo mmoja.

Ile plagi kubwa niliyoidharau ndiyo mahali pa kufunga slivu ya pawa biyondi. Ikishafungwa, PB ndiyo inayolisha lifti kwa presha kamili, na T inapata mpira wake mnene unaokwenda giaboksi bila kupita kwenye kitu kingine chochote. Msimu huu kijana mmoja, ambaye nampenda na simtaji, alifunga slivu vizuri kisha akaiziba T akisema “haitumiki”. Inatumika, mdogo wangu: kila upande mmoja wa silinda unapojaa, oili ya upande wa pili inatokea hapo.

3. Jueni rilifu ya trekta iko wapi. Ikiwa iko ndani ya lifti, yaani oili huifikia baada ya kupita valvu yenu mpya, basi spuli ikihamishwa pampu inabaki bila mlinzi, na ni lazima valvu mpya iwe na rilifu yake. Irekebisheni kwa geji na kwa kipimo cha kitabu cha trekta, msiirekebishe kwa kusikiliza mlio wa injini.

4. BSP na NPT ni aina mbili za thredi za viungio. Nusu inchi ya BSP na nusu inchi ya NPT zote zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo nipo, yaani kiungio cha mpira, itaingia, itakaza na itawadanganya. Pembe ya jino ni nyuzi 55 kwa moja na 60 kwa nyingine, nayo itavuja tu. Msijaribu kuitibu kwa thredi tepu, kwa sababu vipande vyake husafiri hadi kwenye spuli. Nilikuta spuli imekwama katikati kwa kipande kidogo kuliko ukucha, na aliyekifunga alikuwa ameshalipwa na kuondoka.

5. Mpira uliokatwa kwa grainda upulizwe kwa kompresa pande zote mbili kabla ya kufungwa.

6. Pimeni oili silinda zote zikiwa zimerudi ndani, kisha fanyeni hesabu. Silinda ya tela yenye kipenyo cha ndani cha milimita 80 na mwendo wa milimita 800 inameza takriban lita 4, na lita hizo zinatoka kwenye giaboksi ya trekta ambayo tangu mwanzo haikuwa na nyingi za kugawa.

7. Kapuli, yaani viungio vya kuchomeka mipira ya zana kwenye trekta, zikikataa kuingia, msizigonge kwa nyundo. Zana iliyoachwa juani imebana presha ndani ya mpira. Wakati wa kuifungua, zimeni injini na sukumeni kishikio mbele na nyuma kabla ya kuchomoa, nanyi hamtaihitaji hiyo nyundo siku ya kurudishia.

8. Uvujaji hautafutwi kwa kiganja. Tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wenye bar 150 linapenyeza oili chini ya ngozi, na kidonda chake hufanana na mchomo wa mwiba tu. Tumieni kipande cha boksi, mkikipitisha taratibu kando ya mpira. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheka na kusema hasikii maumivu, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili iliyoingia kwa presha, kwa sababu jeraha hilo linahitaji upasuaji wa haraka.