Mtoto anajikuna usiku: mzio, fangasi au upele?

Dada yangu, umesema mwanao wa miaka 7 ana vipele vinavyomwasha wiki ya tatu sasa, duka la dawa wakakupa krimu, vikatulia siku 4 kisha vikarudi vingi kuliko mwanzo, na unauliza kama ni mzio au fangasi. Kwa picha uliyotuma sitaweza kukwambia. Nitakusimulia yaliyonikuta hapa Tanga, maana nilipita njia hiyo hiyo, mtoto akateseka miezi 2 bure.

Wangu alikuwa na miaka 6. Kila aliyemwona alikuja na jina lake. Mama mkwe akasema harara, jirani akasema damu chafu, muuza dawa akasema mzio wa samaki. Tukamwachisha pweza na dagaa, nikawa nampaka krimu ya mchanganyiko, ile inayouzwa kama dawa ya kila kitu. Mchana anacheza vizuri. Usiku akishapata joto la shuka, nasikia kucha zinakwaruza mpaka alfajiri. Baadaye mdogo wake anayelala naye akaanza, kisha mimi.

Daktari mmoja mama mtu mzima ndiye aliyetutoa gizani. Kabla hajagusa ngozi aliuliza: vinawasha zaidi saa ngapi? Vilianzia wapi? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Kisha akampanua vidole, akamulika kwa tochi ya simu. Kwenye uwazi kati ya kidole cha kati na cha pete kulikuwa na kamstari ka kijivu, kamepinda kidogo, hakafiki hata sentimita moja, kama kipande cha uzi kilichozama ngozini. Akaniambia hiyo ni njia ya kidudu cha upele.

Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya. Upele ni ugonjwa wenye jina lake, vipele ni chochote kilichotokeza ngozini. Kidudu jike cha upele huchimba ngozi na kutaga mayai humo. Muwasho ni mwili unavyomkataa, ndiyo maana kwa anayeupata mara ya kwanza huweza kupita wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kujikuna, na muda wote huo anaambukiza wenzake. Hupenda katikati ya vidole, viganjani, kiunoni, makwapani, makalioni na sehemu za siri. Ile krimu yangu ilikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Ilituliza muwasho, kidudu kikaendelea kuzaana. Nahisi yako ni ya aina hiyo, soma maandishi ya kwenye tyubu.

Steroidi hiyo hiyo huzidisha na choa, yaani fangasi wa ngozi. Choa huwa duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati kama panapona. Ukipaka steroidi hufifia, kisha hutanuka bila umbo, hata daktari apate shida kukitambua. Kikiwa kichwani ndiyo mapunye, nywele zinakatika, na hapo dawa ya kupaka peke yake haitoshi, huhitaji vidonge.

Harara unaijua: joto la kaskazi, shingoni na mgongoni, maji ya baridi yanaituliza. Pumu ya ngozi hukaa ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi kavu inayokwaruza, na mara nyingi kwenye ukoo utamkuta mwenye pumu ya kifua. Mzio wa chakula au dawa huweza kutoa madonge yanayohama, asubuhi tumboni, jioni mapajani. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, usingoje kesho, kimbilia hospitali.

Kuna na mzio wa kugusa. Mpwa wangu alipakwa piko, ule urembo mweusi unaochorwa kama hina, kwenye harusi, na siku ya tatu ua lote la kiganjani likavimba malengelenge, jani kwa jani kama lilivyochorwa. Hina tupu ni nadra kufanya hivyo. Tatizo ni rangi nyeusi ya nywele inayochanganywa kwenye piko, ina kemikali iitwayo PPD, na mwili ukishaikataa mara moja huendelea kuikataa. Leo hawezi hata kutia rangi ya nywele. Wenzetu wa mashamba ya mkonge nao wanajua maji ya lile jani yanavyowasha mikono.

Na baka lililofifia rangi, lisilowasha, ukiligusa kwa pamba mtoto hasikii, hilo lipeleke upesi zaidi ya yote. Huenda ni ukoma, unatibika kabisa na dawa zake hutolewa bure.

Ukienda hospitali usiseme "ana vipele" ukanyamaza. Sema kama ni punje kavu, malengelenge yenye maji, madonge au mabaka, vilianzia wapi, vinasambaa kuelekea wapi, umepaka nini. Picha nyingi za mtandaoni ni za ngozi nyeupe, zinataja wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo huonekana kama weusi au zambarau, kwa hiyo pitisha na kidole, mara nyingi utahisi kabla hujaona.

Sisi tulipewa BBE (benzyl benzoate), dawa ya upele ya kupaka, nyeupe kama maziwa. Tulipaka nyumba nzima siku moja, pamoja na baba yao aliyekuwa hajikuni, kuanzia shingoni hadi nyayoni, vidoleni na chini ya kucha. Kwa watoto huzimuliwa na maji, kipimo akupe mhudumu. Shuka, kanga na nguo tulizifua kwa maji ya moto, tukaanika juani. Tulirudia kama tulivyoelekezwa. Muwasho uliendelea kama wiki 2 baadaye, nikadhani dawa imeshindwa, kumbe mwili ulikuwa bado unamaliza hasira yake. Nilimwambia na ustadh wa madrasa yao, na watoto wengine 4 wakakutwa nao.

Usiku huu mmulike mwanao katikati ya vidole na kiunoni pale mpira wa kaptura unapobana, kisha uandike hapa umeona nini, na kama kuna mwingine anajikuna hapo nyumbani.